Cherehani Isiyo na Mkanda

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa kushona. Ingekuwa mimi, ninayeogopa hata paka wa jirani, ningezimia mlangoni. Alipomtoroka mume aliyempiga na kumchania gauni mwilini, alichomoa mkanda wa cherehani yake, isizunguke bila yeye. Mwezi baadaye, mchana kweupe, alirudi na wifi yake kuichukua. Mume alikuwa kazini, madirisha ameyagongomea mbao, ndani giza totoro. Chumbani cherehani ikalia: taka-taka-taka.

“Tukimbie!” wifi akanong’ona.

“Nilishakimbia mara moja, wifi, yatosha. Shika huku. Kama ina shetani, nitamfundisha kupinda nguo.”

Ikanyamaza. Mkanda ulikuwa bado mkobani mwake. Alipomulika kwa simu, juu ya cherehani palikuwa na lile gauni lililochanwa, aliloliacha siku ile, limeshonwa lote. Alipoigusa sindano, ilikuwa ya moto.