Aliyepanda Nyuma

Nilifika kwa fundi baiskeli Hashimu Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Najua kwa sababu nilitazama saa. Siku hizi natazama saa sana.

Nilikuwa na shughuli mbili jioni ile. Ya kwanza nilikuwa nimeimaliza huko juu kwenye msitu wa Magamba, au nilidhani nimeimaliza. Ya pili ilikuwa kuchagua shokapu mpya ya nyuma ya baiskeli yangu ya milimani. Jumamosi nilikuwa na wageni sita wa kuwashusha kwa njia ya msituni hadi Soni, na shokapu ya zamani ilikuwa inavuja mafuta.

Ilikuwa inavuja tangu Januari. Nilijua. Kaka yangu Emanueli alijua pia. Ndiyo maana siku ile, wiki tatu kabla, alisema tubadilishane baiskeli.

"Panda yangu, Sesi. Hiyo yako itakurusha."

Nikatangulia. Kwenye kona yenye miti miwili mikubwa ya mkulo nilimsikia nyuma yangu, "Sesi, nisubiri!" Sikusubiri. Kila siku tulikuwa tunashindana, nikajua anatania.

Nilipogeuza baiskeli, dakika nne baadaye, alikuwa chini ya kona. Baiskeli yangu ilikuwa juu yake. Haikuwa na hata mkwaruzo.

Tangu siku hiyo sikulia. Nilikula nilipopewa chakula, nikalala nilipoambiwa nilale. Jina lake tu ndilo lililonishinda. Lilikuwa linafika kooni, linakaa.

Mchungaji alimzika vizuri. Lakini kwetu, mtu akifia njiani, kuna kazi nyingine baada ya mazishi. Ndugu mmoja anarudi pale alipoangukia. Anavunja tawi, anamwita marehemu kwa jina lake lote mara tatu, kisha analeta tawi nyumbani bila kugeuka nyuma. Marehemu asipoitwa, anabaki palepale akingoja. Mama alinituma mimi kwa kuwa naijua ile kona.

"Jina lote, Sesilia," aliniambia, akinishika mkono kwa nguvu. "Emanueli Silvano. Ile kona imekula watu wengi tangu enzi za wapasua mbao. Usiite hovyo."

Nilifika pale saa kumi na moja na robo. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini. Nilivunja tawi la mkulo mchanga, likatoa ile harufu yake kali kama ya dawa ya kuchua. Nikafungua mdomo.

"Kaka," nilisema. "Kaka. Kaka, twende."

Ndicho kilichotoka. Nilisubiri kidogo, nikalifunga tawi chini ya siti, nikaondoka. Kwenye mteremko wa kurudi mjini baiskeli ilikuwa nzito ajabu, ikigonga chini kwenye kila mzizi. Nikasema ni mafuta ya shokapu yameisha kabisa.

Sikugeuka nyuma. Hilo nililifuata.

"Shikamoo, fundi," nilisema nilipofika dukani kwa Hashimu.

"Marahaba, Sesi. Leo unakuja na kuni?" Hashimu alicheka, akafuta mikono kwa kitambaa. "Ingia haraka, magharibi hiyo inaniita."

Alikuwa ameweka shokapu mbili mezani, moja ya springi, nyingine ya hewa.

"Ya springi haina maneno," alisema. "Inalala vizuri kwenye mawe, haichoki kwenye mteremko mrefu. Marehemu hakutaka nyingine. Ila springi moja ni ya uzito mmoja. Ukinenepa, unanunua springi nyingine."

"Sinenepi."

"Naona. Hii ya hewa unaijaza kwa pampu kulingana na mwili wako. Utapima mpaka uchoke, na wewe kwa kupima hujambo."

Nilichagua ya hewa. Nilitaka kitu chenye namba.

Hashimu aliifunga kwa dakika kumi na mbili. Karatasi yake ukutani inaonyesha kila uzito na presha yake. Mimi nina kilo hamsini na tatu, hivyo presha yangu ni mia moja na ishirini. Kuna ringi ndogo ya mpira kwenye kile chuma kinachoingia na kutoka. Unaisukuma hadi mwanzo, unakaa kwenye siti taratibu, unashuka, unapima ringi imesogezwa kiasi gani. Milimita kumi na tano ni sawa.

Nilikaa. Nikashuka. Hashimu akaweka rula.

"Ishirini na nane," alisema. "Umekaa kwa kuruka?"

"Nimekaa polepole."

"Kaa tena."

Ishirini na nane.

"Sesi, una kilo ngapi kweli? Usinionee aibu, mimi mzee."

Jirani yake anauza viazi na ana mizani. Nilikwenda nikasimama juu yake. Hamsini na tatu na nusu, na viatu. Nikarudi, nikakaa mara ya tatu. Hashimu alichuchumaa kuitazama ringi ikishuka. Kisha nikashuka.

Baiskeli haikuinuka.

Ilibaki imezama, siti tupu, shokapu imekandamizwa. Hashimu aliitazama. Mimi niliitazama. Hewa haikuvuja, tungesikia... Kulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mlio mdogo wa siti. Ule mlio wa mtu anayejiweka sawa.

Kisha harufu. Majani ya mkulo, na chini yake udongo mbichi uliofukuliwa.

"Umetoka wapi?" Hashimu alinong'ona.

"Magamba."

Alilitazama lile tawi chini ya siti. Hakucheka tena.

"Astaghafirullah. Ni tawi la kaka yako?"

"Ndiyo."

"Na umepita kwangu kwanza? Binti, mtu haletwi dukani! Ungempeleka nyumbani, halafu uje."

"Ulikuwa karibu kufunga duka."

Aliokota pampu. Kisha akaanza kuijaza shokapu pale pale. Alisema nikiondoka na presha ile tutagonga chini njia nzima, na si adabu kumgongesha marehemu. Mia na hamsini. Mia na themanini. Kila mara alinikalisha mbele kidogo, akapima. Kwenye mia mbili na kumi ringi ilisimama kwenye kumi na tano.

"Hapo," alisema. "Hapo mmekaa sawa. Nenda. Usigeuke."

Nilipanda hadi nyumbani kwa dakika kumi na tisa. Shokapu haikugonga hata mara moja. Nyuma ya shingo yangu kulikuwa na pumzi fupifupi, za baridi. Sikuhisi woga. Nilifikiri tu, ameacha kuniambia nisubiri, kwa sababu sasa tuko pamoja. Hilo ndilo jambo pekee nililolihisi kwa wiki tatu.

Mama alikuwa mlangoni. Hakunisalimia mimi. Alitazama nyuma yangu, juu kidogo ya siti.

"Onga mshi, mwanangu," alisema kwa Kishambaa, kama anavyomsalimia kila anayerudi jioni. "Karibu nyumbani."

Alifungua tawi, akaingia nalo chumbani kwa Emanueli, akalilaza kitandani. Nyuma yangu, taratibu kabisa, baiskeli ikainuka.

Mama alilia vizuri jioni ile. Kisha akala. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi aliimba akiosha vyombo.

Mimi nilikaa jikoni na daftari.

Presha inapanda pamoja na uzito. Kilo hamsini na tatu, mia moja na ishirini. Basi mia mbili na kumi ni kilo tisini na tatu, na ukitoa zangu zinabaki arobaini.

Emanueli alikuwa na kilo sabini na moja.

Kwa yeye na mimi ingetakiwa presha mia mbili na themanini. Nilihesabu tena. Nilihesabu mara tisa, kwa sababu nilitaka nikosee. Arobaini ni mtoto. Au mtu mzima aliyekonda sana, aliyekaa muda mrefu sana bila kuitwa.

Chumbani kwa kaka yangu kitanda kililia. Mama aliacha kuimba, akasikiliza, akatabasamu.

Sikumwambia.

Jumamosi niliwashusha wageni. Nilikuwa nimerudisha presha mia moja na ishirini, nikapima kabla ya kuondoka, kumi na tano kamili. Kwenye kona ya mikulo miwili niliwaambia watangulie.

Nilisimama. Safari hii nilisimama.

Ukungu ulikuwa unatoka chini ya kona. Na kutoka hukohuko chini, mbali, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuita...

"Sesi... nisubiri."

Nilisubiri dakika kumi na moja. Nilifungua mdomo mara nyingi. Jina lilifika pale pale kooni. Niliogopa kusema "kaka", neno ambalo yeyote anaweza kuliitikia. Wageni wakaanza kupiga filimbi huko chini.

Soni nilipima ringi. Kumi na tano. Nilikuwa peke yangu.

Jumapili baada ya kanisa mama alipika ugali na maharage, akaweka sahani tatu. Sahani ya tatu huwa anairudisha tupu, na hasemi nani amekula.

"Amerudi amekonda," aliniambia. "Sikulaumu, huko kulikuwa na baridi. Lakini yupo, Sesi. Umenirudishia mwanangu." Uso wake ulikuwa umepona. Nilikuwa sijauona hivyo tangu siku ile. "Haya, mwite kaka yako, chakula kinapoa."

Niliutazama mlango wa chumba. Nilijaribu jina. Mungu anajua nilijaribu, ili nione kama ataitika.

"Kaka," niliita.

Mlango ukafunguka.