Nani Amekula Ujira wa Dada?

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata chai haijachemka, Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakuhitaji kukumbushwa: kufuta nyaya za dada yake. Alizipitisha kwenye kitambaa chenye unyevu, waya mmoja mmoja, kisha akazikunja kama alivyofundishwa, duara juu ya duara, ili zisifungane mafundo. Jina lake hasa lilikuwa jingine, lakini tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza, na mtaa mzima ukamwita Chiriku.

Dada yake naye alikuwa na jina la kazi. Akisimama nyuma ya mashine yake ya kuchanganya muziki, hedifoni sikio moja, watu walimwita DJ Rindima. Aliunganisha wimbo na wimbo bila mtu kujua mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Mama yao, ambaye alikuwa mshonaji, alizoea kujisifu: "Huo ni ushonaji tu. Mshono usioonekana kaurithi kwangu."

Siku hizo, hata hivyo, mama hakujisifu. Mota ya cherehani yake ilikuwa imeungua katikati ya msimu wa sare za shule. Fundi aliifungua, akainusa, akatikisa kichwa. "Hii imekwenda, mama. Tafuta nyingine."

"Usihangaike, Mama," dada alisema palepale. "Nikilipwa tamasha la Jumamosi, mota nitanunua mimi."

Jumamosi hiyo ikapita. Ikaja nyingine, nayo ikapita. Mama akawa anashona pindo kwa mkono karibu na dirisha, macho yakimtoka machozi kwa kukodoa, huku wateja wakija kuulizia sare na kuondoka wamenuna.

"Vipi, mwanangu?" mama aliuliza jioni moja.

"Bado, Mama. Wiki ijayo."

"Hiyo wiki ijayo naona haizeeki."

Dada aliinama akajifanya anatafuta kitu mkobani. Chiriku aliliona hilo. Mtu asiye na la kuficha, aliwaza, huinama kutafuta nini kwenye mkoba mtupu?

Siku mbili baadaye mama na Chiriku walikutana na Kaka Mipango mbele ya duka la vitambaa. Huyo ndiye aliyekuwa akiandaa matamasha ya Jumamosi mchana katika ukumbi wa mtaa. Jina hilo alipewa kwa sababu kila ukimuuliza jambo, alijibu, "Mipango inaendelea." Alikuwa kijana mtanashati, mwenye miwani ya jua hata siku za mawingu.

"Shikamoo, Mama!"

"Marahaba, mwanangu. Samahani, sipendi kuingilia kazi za watu. Ila binti yangu, malipo yake vipi?"

Kaka Mipango alicheka, akavua miwani, akaweka mkono kifuani. "Mama! Mimi nimdhulumu Rindima? Zake alishapata zote. Muulizeni vizuri tu. Vijana wa siku hizi, Mama, unawajua mwenyewe." Akakonyeza jicho, akaenda zake.

Njia nzima mama alitembea mbele kwa hatua ndefu. Walipofika nyumbani, dada alimwamkia, naye akaitikia kwa ncha ya ulimi na kuingia chumbani. Usiku huo sahani zilisikika zaidi kuliko watu. Chiriku alikumbuka methali waliyofundishwa shuleni, lisemwalo lipo, kama halipo laja, na shaka ikaanza kumtafuna. Kama pesa zilitoka, ziko wapi?

Akaanza kumchunguza dada yake. Akagundua kwamba kila siku baada ya chakula cha mchana dada alitoka, akisema anakwenda kufanya mazoezi ya muziki. Alirudi jioni amechoka, vidole vimekauka, nguo zikinukia sabuni. Jumatano moja, dada alipokwisha kutoka, Chiriku alichungulia chini ya kitanda. Mashine ilikuwepo. Kompyuta ilikuwepo. Hata hedifoni zilikuwepo.

"Mazoezi ya muziki kwa mikono mitupu?" alijisemea. "Hapa pana jambo."

Alivaa viatu akamfuata kwa mbali. Dada alipita soko, akakata kona nyuma ya kinyozi, akaingia kwa dobi. Chiriku alijibanza ukutani akachungulia kupitia nguo zilizoanikwa. Alimwona dada yake amejifunga kanga kiunoni, mbele yake rundo la mashuka, akipiga pasi huku jasho likimdondoka kidevuni. DJ Rindima, aliyeshangiliwa na ukumbi mzima, anapiga pasi mashuka ya watu!

Chiriku alisubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Hatimaye dobi akampa dada pesa kidogo. Dada hakwenda nyumbani. Alivuka barabara, akaingia katika duka lililojaa spika mpaka mlangoni, akamkabidhi zile pesa kijana mmoja mwenye ndevu.

Chiriku hakuweza kujizuia tena. "Kumbe ni huyu!" alipiga kelele. "Huyu ndiye anayekula mota ya Mama!"

Dada aligeuka, uso umemshuka. Kijana mwenye ndevu alitazama nyuma yake kuona kama anaambiwa mwingine. "Mota gani tena, mdogo wangu? Mimi nakodisha spika tu."

Dada alimshika Chiriku mkono wakaketi kwenye ngazi ya duka. Mwanzoni alitaka kumgombeza, lakini akaghairi. Kisha akasema yote. Kaka Mipango hakuwa amemlipa tangu Jumamosi moja mvua ilipoharibu tamasha. Si hivyo tu. Kila Jumamosi alimwambia, "Wewe tanguliza za spika, nitakurudishia," na hakurudisha. Ndiyo maana alipiga pasi: alikuwa akitafuta pesa za kwendea kazini.

"Lakini amemwambia Mama kwamba alikulipa!"

Dada alishtuka. "Kasema hivyo? Mimi aliniambia pesa zetu wote alimpa Springi, anigawie." Springi alikuwa kiongozi wa wacheza ngoma wa matamasha yale, kijana aliyeruka kama ana springi za godoro miguuni. "Springi amezila. Ndiyo maana siku hizi hata salamu yangu haitikii."

"Umemuuliza?"

"Mwizi huulizwa, Chiriku? Atakubali?"

"Na kwa nini hukumwambia Mama?"

Dada alitazama vidole vyake. "Nilishamwahidi. Na alinionya tangu mwanzo kwamba muziki haulishi mtu. Niliona aibu."

Usiku Chiriku alijigeuza kitandani. Dada alimshuku Springi. Mama alimshuku dada. Yeye mwenyewe alikuwa amemshuku mwenye spika, mtu wa watu aliyekuwa akichapa kazi yake. Kila mmoja alimwonyesha mwenzake kidole, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kuuliza.

Jumamosi mchana, wakati dada akiingiza vyombo ukumbini, Chiriku alimfuata Springi aliyekuwa akinyoosha miguu karibu na jukwaa.

"Kaka Springi, shikamoo. Nikikuuliza kitu utakasirika?"

"Marahaba. Inategemea na kitu chenyewe."

"Zile pesa za dada ulizopewa umgawie, uliziweka wapi?"

Springi aliacha kunyoosha miguu. "Mimi? Mimi nipewe pesa za dada yako? Kaka Mipango alituambia za kwetu anazo dada yako! Alisema DJ ndiye mkubwa wa kazi, kachukua zote, tumdai yeye. Wenzangu nusura waje kumchukulia zile spika."

Dada, aliyekuwa akivuta meza, alisikia kila neno. Alisimama wima. Yeye na Springi walitazamana.

"Kwa hiyo hukula pesa zangu," dada alisema polepole.

"Wala wewe hukula zetu." Springi aliketi ukingoni mwa jukwaa, akashika kichwa. "Njia ya mwongo fupi, lakini hii tumemrefushia sisi wenyewe kwa kutoulizana."

"Chiriku," dada alisema, "kimbia ukamwite Mama."

Mama alipofika, sindano ikiwa bado imechomekwa kifuani mwa gauni lake, dada alimweleza yote: mvua, spika, pasi, mashuka. Mama alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akavuta kiti akaketi katikati ya jukwaa, kama mtu anayesubiri basi.

Kaka Mipango aliingia akisugua viganja. Nje watu walishaanza kupanga foleni. "Jamani, mbona kimya? Rindima, washa mambo!"

Dada hakugusa kitu. "Kaka, tusaidie hapa kidogo. Pesa zangu ulimpa Springi lini?"

"Na zetu ulimpa Rindima lini?" Springi akaongeza.

Kaka Mipango alitazama huyu, akatazama yule, tabasamu likianza kunyauka. "Haya ni mambo madogo. Rindima, njoo pembeni tuongee."

"Hapahapa, mwanangu," mama alisema. "Pembeni ndiko mlikopotezana."

"Mama, ngoja nikueleze. Siku ile mvua ilinyesha. Watu hawakuja. Nilipata hasara, ukumbi nimelipia, matangazo nimelipia. Sasa nimlipe mtu kwa lipi, kwa kuvipigia muziki viti vitupu?"

"Mimi ni mshonaji," mama alijibu. "Ukiniletea kitambaa nikushonee suruali ya harusi, nikaishona, halafu harusi ikaahirishwa, utaniambia hunilipi kwa sababu hukuicheza?"

Wacheza ngoma, waliokwisha kusogea karibu, waliguna. Mmoja alicheka, kisha akaziba mdomo.

"Na siku ukumbi ulipojaa mpaka watu wakasimama dirishani," mama aliendelea, "uliwaongezea?"

Kaka Mipango alitazama viatu vyake.

"Basi. Faida ikija ni yako, na hasara nayo ikija ni yako. Wao wamekuuzia kazi yao, hawakukuuzia mvua."

Kaka Mipango alivua miwani. Bila ile miwani alionekana mdogo, kama kijana aliyeitwa ofisini kwa mwalimu. "Siku ile sikuwa na kitu, Mama. Nilikopa hata nauli ya kurudi nyumbani. Niliona haya kusema, nikadanganya siku moja tu, niwalipe wiki inayofuata. Wiki iliyofuata nikaona hawaulizani, wananuniana wenyewe kwa wenyewe. Nikaona..." Hakumalizia.

"Ungesema huna, ningekusubiri," dada alisema. "Ningekupunguzia hata. Mvua mimi niliiona pia. Lakini wewe ulinifanya nionekane mwizi nyumbani kwetu, Kaka. Mama yangu akawa ananiitikia salamu kwa ncha ya ulimi."

Nje watu walianza kupiga miluzi, wakiuliza kama kuna muziki au hakuna. Kaka Mipango aliukodolea macho mlango, kisha jukwaa. Hakuna aliyesogea. Hatimaye akatoka, akaenda kwa msichana wa tiketi, akarudi na kilichokwisha kupatikana mlangoni, akakigawa mbele ya wote, mtu na fungu lake. Deni la nyuma alikubali kulilipa kidogokidogo kila tamasha, la spika likiwa la kwanza. Springi akaongeza sharti lake: kuanzia siku ile, malipo yapangwe kabla ya tangazo kubandikwa, na yasemwe wakiwa wote, si mmoja mmoja kichochoroni.

"Na siku ya hasara?" Kaka Mipango aliuliza kwa unyonge.

"Siku ya hasara utatuita, utatuambia," dada alimjibu. "Sisi ni watu, tunasikia."

Kisha akavaa hedifoni sikio moja. Ukumbi ukarindima.

Wiki iliyofuata mota mpya ilifungwa, na sare za shule zikashonwa, ingawa wateja wawili walikuwa wamekwisha kwenda kwa mshonaji mwingine na hawakurudi.

Lakini kabla ya hayo, jioni ileile ya tamasha, jua likiwa bado juu ya mapaa, watatu hao walirudi nyumbani kwa miguu. Chiriku alibeba nyaya. Dada na mama walitembea bega kwa bega.

"Mama," dada alianza, "nilikosea kukuficha."

"Ulikosea, ndiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mimi nilikosea zaidi. Nilimsikiliza mtu wa barabarani, nikamwamini kuliko mtoto niliyemzaa. Nisamehe, mwanangu."

Dada alimshika mkono.

Mama alisimama, akawatazama wote wawili. "Shikeni haya. Mtu akifanya kazi, alipwe haki yake, iwe anashona, anafua au anapiga muziki watu wakacheza. Kazi ya furaha nayo ni kazi. Anayemlipa akikwama, aseme ukweli mapema, naye atapata wa kumvumilia. Hayo ni ya Kaka Mipango. Ya kwetu sisi ni haya: shaka ukiinyamazia, inamnenepesha yule anayewadhulumu. Ikikuingia juu ya mwenzako, usimnunie, wala usimfuate nyuma ya kuta. Nenda mbele yake, umtazame usoni, umuulize."