Nani Alishika Fimbo Siku ya Mahari

"Petronila, kuna mtu amekuja kusema wewe umeshaolewa."

Padri Felisian aliniambia hivyo Jumapili baada ya misa, nje ya sakristia, pale parokiani kwetu Makoko. Mimi nikacheka. Jina langu na la Nyamhanga lilikuwa limetoka kusomwa kanisani kwa mara ya pili, na mimi ni mtu wa kuota mchana nikiwa macho kabisa. Akili yangu ilikuwa imeshafika ukumbini, inachagua maua.

"Nimeolewa na nani, Baba?"

"Na bibi mmoja wa Butiama. Anaitwa Nyamburi."

Kicheko kikaisha. Bibi Nyamburi namjua. Ni mke mdogo wa marehemu babu yake Nyamhanga, hakujaliwa mtoto hata mmoja. Nyamhanga alifiwa na wazazi wake wote wawili, na ng'ombe za baba yake zilikufa na ukame. Tulipotaka kuoana, huyo bibi ndiye aliyefungua zizi lake akasema chukueni.

"Aliyeleta habari ni baba mdogo wa mchumba wako, Alfonsi," Padri akaendelea. "Anasema ng'ombe zilikuwa za bibi, na fimbo ya kuchungia bibi mwenyewe alimkabidhi baba yako. Kwa mila yao, mwenye kukabidhi fimbo ndiye ameoa. Kwa hiyo wewe ni mke wa nyumba ya Nyamburi. Nyamhanga atakuzalisha tu, watoto watakuwa wa bibi."

Nyumba ntobhu. Kwetu Mara hakuna asiyelijua neno hilo. Mama asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa binti, binti anamzalia. Nilikuwaga nalisikia kama habari ya watu wengine.

"Sasa matangazo ya tatu ya ndoa, Baba?"

"Nitayasoma Jumapili ijayo kama kawaida. Mwenye pingamizi atasimama aseme mbele ya watu. Lakini kama ni kweli, binti yangu, siwezi kuwafungisha."

Nikapiga simu Bunda, ambako Nyamhanga anafunga sola kwenye nyumba za watu.

"Nyamhanga, siku ya mahari nani alishika fimbo?"

Nikasikia anashuka kwenye ngazi.

"Haloo?"

"Nipo, Pet. Si nilishika mimi?"

"Ulishika, au ulishikiwa?"

"Nilimwambia bibi anishikie kidogo, nipate engo nzuri. Ng'ombe zilikuwa zimependeza, jua linawaka, ziwa linaonekana kwa nyuma..."

"Engo ya nini?"

"Ya video. Ya kuweka status."

"Halafu?"

"Halafu baba yako akanyoosha mkono."

"Na wewe?"

"Nikaendelea kurekodi."

Jamani! Mwanaume siku anaoa anageuka mpiga picha! Nikaifungua ile video, nilikuwa nimeihifadhi kwa mapenzi. Ng'ombe wanashuka taratibu kuelekea nyumbani kwetu Suguti, sauti ya Nyamhanga inasema, "Mnaona wenyewe, mnaona wenyewe," na pale katikati bibi kizee mwenye kitambaa cha njano anamkabidhi baba yangu fimbo kwa mikono miwili. Tena anatabasamu.

Mchana huo nilijilaza nikaota. Niko kanisani na gauni jeupe, maji ya ziwa yameingia ndani mpaka kwenye vifundo vya miguu, ya vuguvugu, hayatishi. Mbele ya altare kuna mtu ananyoosha fimbo niishike nivuke. Mkono nauona, sura siioni. Nikaamka nalia.

*

Recho, rafiki yangu mwenye saluni Iringo, alisikiliza yote huku ananisuka, halafu akaguna.

"Shoga, hapo tatizo liko wapi?"

"Recho!"

"Wewe kubali uitwe mke wa bibi, ulale na Nyamhanga wako, maisha yaende. Siku hizi nani anafungaga ndoa? Watu wanaishi tu, wanazaa, wanapendeza."

"Mimi nataka kuapa."

"Kuapa kunakupa nini?"

"Kunanipa mume. Wa kwangu, mbele ya Mungu, kwa shida na raha. Mtoto wangu amwite baba bila kuangalia kwanza nani yupo karibu."

"Hayo ni mambo ya kizamani, Petronila."

"Wewe unaniambia nikakae nyumba ntobhu halafu mimi ndiye wa kizamani?"

Recho akacheka mpaka chanuo likamdondoka. Ila maneno yake yaliniuma, maana nilijua wengi wanawaza hivyo, hata wanaokaa benchi moja na mimi kanisani.

Kilichoniuma zaidi ni Nyamhanga. Alikuja kutoka Bunda, tukakaa kwenye mawe ya Makoko kama kawaida yetu, upepo wa ziwa unapuliza, kichwa changu begani kwake. Kwa dakika chache nilisahau yote. Mimi huyu mwanaume nampenda, nisifiche. Harufu ya shati lake tu inanifanya nijenge nyumba nzima kichwani, na mapazia juu.

"Pet, mimi nimewaza," akasema. "Tukubali tu."

Nikainua kichwa.

"Tukubali nini?"

"Kwa ukoo tuseme sawa, wewe ni wa nyumba ya bibi. Baba mdogo hataweka pingamizi kanisani, Padri atatufungisha. Ni maneno tu hayo. Bibi mwenyewe ameshazeeka, akifa si yameisha?"

"Unataka tukae tunasubiri bibi yako afe ndiyo mimi niwe mke wako?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema, Nyamhanga. Na altareni nitasema nini? Niseme wewe ni mume wangu, na nje ya mlango niseme mume wangu ni bibi? Nimdanganye Mungu, nimdanganye na kizee wa watu?"

"Unaikuza sana. Dini isitutenganishe."

"Dini haijatutenganisha. Wewe ulishindwa kushika fimbo, na sasa unashindwa kusema ulikosea."

Nikavua pete ya uchumba, nikaiweka juu ya jiwe katikati yetu. Hakuichukua. Na mimi sikuichukua. Niliondoka bila kugeuka nyuma, machozi yananitoka, na najua watu waliniona.

Jioni ikaja meseji: "Pete ninayo. Naomba unisamehe."

Nikajibu: "Usiniombe mimi msamaha. Nenda kaseme ukweli."

*

Kesho yake nilikwenda Suguti kwa baba yangu, mzee Abednego.

"Baba, naomba ile fimbo. Nairudisha. Na ng'ombe zitarudi."

"Zirudi wapi? Mmoja ameshazaa!"

"Atarudi na ndama wake."

"Petronila, unajua unachokisema? Nitawaambia nini watu?"

"Baba, wewe ndiye ulinifundisha kusali. Ulinifundisha nimwambie Mungu ukweli au nimwambie kitakachokubalika?"

Baba akasugua magoti yake, akaenda ndani. Alirudi na fimbo.

"Ile siku niliona," akasema polepole. "Niliona ni mkono wa bibi. Nikanyamaza, nikihofia kuharibu sherehe. Kanisalimie huyo mama."

*

Bibi Nyamburi alikuwa uwanjani kwake Butiama anapepeta ulezi. Alfonsi naye yupo, amekaa kwenye kiti kana kwamba alijua nakuja. Nikapiga magoti.

"Shikamoo bibi. Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mke wangu," bibi akasema, na akatabasamu kama kwenye ile video.

Nikaweka fimbo chini mbele yake.

"Bibi, nimekuja kurudisha. Mimi siwezi kuwa mke wako."

Ungo ukasimama.

"Unaona!" Alfonsi akadakia. "Hawa ndio wasomi wa kanisani. Wanadharau mila. Dini imekuja juzi tu, mila tumezaliwa nayo!"

"Baba mdogo, na hilo jina la Alfonsi ulizaliwa nalo?"

Bibi akafunika mdomo kwa kiganja. Nadhani alicheka.

"Mila siikatai," nikasema. "Nimepiga magoti, mahari ilikuja kwetu, baba yangu alipokea kwa furaha. Nakataa moja tu. Nimzae mtoto, halafu nimwambie yule uliyefanana naye usimwite baba. Na mwanaume nimpendaye aingie chumbani kwangu kama mtu wa kuazimwa. Hapo mimi siwezi, hata mnifukuze."

"Huyo Mungu wenu ana shida gani na mimi?" bibi akauliza. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua kweli.

"Hana shida na wewe, bibi. Anakupenda. Ndiyo maana siwezi kuja kwako na uongo, nikae naomba ufe haraka."

Alfonsi akataka kusema, bibi akamnyamazisha kwa mkono.

"Siku ile mjukuu aliponipa fimbo nimshikie," akasema, "nilijua anachokosea. Ningeweza kumrudishia. Lakini nilipoona baba yako ananyoosha mkono, nikasema moyoni, basi leo na mimi nina mtu. Wewe hujui, binti. Wenzangu wote wanaitwa mama fulani, mama fulani. Mimi tangu niolewe naitwa Nyamburi tu. Nimezeeka, wakaongeza bibi. Mama hakuna aliyewahi kuniita."

Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi, hata mistari ya Biblia nilikuwa nayo. Yote yakanitoka. Nikasogea, nikachukua ungo, nikapepeta ulezi uliobaki. Nilipomaliza nikasema:

"Kukuzalia mtoto kwa ng'ombe siwezi. Ila kuja kwako nitakuja, hata kama Nyamhanga hatanioa. Hilo halina mahari."

"Nenda nyumbani," bibi akasema, uso ameuinamisha. "Nimechoka."

Fimbo akaiacha pale pale chini.

*

Jumapili kanisa lilijaa, maana Musoma habari haikai. Nilikaa benchi la pembeni na baba. Nyamhanga alikaa upande wa pili, amekonda kwa wiki moja, jamani. Mwanga wa madirisha ulikuwa unacheza sakafuni kama maji, na mimi nikawa naiona ile ndoto yangu tena, miguu yangu ikiwa baridi.

Baada ya komunyo Padri akasoma matangazo.

"Kwa mara ya tatu. Nyamhanga na Petronila. Mwenye kujua kizuizi, aseme."

Alfonsi akaanza kuinuka. Lakini Nyamhanga alimtangulia.

"Baba Paroko, nitasema mimi."

Watu wakageuka.

"Siku ya mahari nilimpa bibi yangu fimbo anishikie, nikaenda kurekodi video. Kosa ni langu. Halafu nikamwambia Petronila tudanganye, tuseme ndiyo huku na ndiyo kule. Nilisema hata tumsubiri bibi afe. Bibi aliyenifungulia zizi. Naziacha hizo ng'ombe zirudi kwake. Nitatafuta zangu, hata ikichukua miaka. Petronila akichoka kusubiri, sitamlaumu. Lakini mke wa mtu mwingine hatakuwa kwa uzembe wangu."

Hapo nilitaka kuruka mabenchi nimkumbatie. Baba akanishika mkono.

"Nani kasema zirudi?"

Sauti ilitoka mlangoni. Kitambaa cha njano. Bibi Nyamburi, asiyewahi kubatizwa, asiyewahi kuingia pale, anatembea katikati ya kanisa na ile fimbo, taratibu. Akafika mbele, akamwangalia Padri.

"Wewe ndiye mkubwa hapa?"

"Niko kwa niaba yake, bibi. Karibu."

"Ng'ombe ni zangu, si za Alfonsi. Alfonsi, kaa chini." Alfonsi akakaa. "Kila anayekuja kwangu anakuja kuchukua. Huyu binti alikuja kurudisha, akanipepetea na ulezi. Mtu wa hivyo simtaki awe mke wangu. Namtaka siku nikifa anililie kwa kweli."

Akamgeukia Nyamhanga, akamnyooshea fimbo.

"Shika. Ng'ombe nimekupa wewe, uoe wewe. Na simu weka mfukoni."

Kanisa likalipuka kwa kicheko na vigelegele. Nyamhanga akapokea fimbo, akavuka mpaka benchi letu, akapiga goti mbele ya baba yangu.

"Mzee, naikabidhi mimi."

"Naipokea kwako, mwanangu," baba akasema.

Simu zilikuwa juu kanisa zima, hata ya Recho, ambaye misa huwa anaisikiaga kwa mbali. Ya Nyamhanga tu haikuonekana. Akaitoa pete yangu mfukoni.

"Utaivaa?"

"Nilichelewa tu kuivaa tena," nikasema, na kulia nikalia.

*

Ndoa ilifungwa mwezi uliofuata. Ukumbini meza ya wazazi wa bwana harusi ilikuwa na mtu mmoja, amevaa kitenge kipya na kile kile kitambaa cha njano. Wakati wa keki msema chochote akatangaza kwenye kipaza sauti:

"Sasa naomba mama wa bwana harusi asogee mbele! Mama Nyamhanga! Mama Nyamhanga yuko wapi?"

Bibi hakuinuka. Alikuwa anageuza shingo kama watu wengine, anamtafuta huyo mama anayeitwa.

Nikashuka jukwaani na gauni langu lote, nikainama, nikamshika mkono.

"Mama, ni wewe."