Mzigo wa Wifi Verediana

Mzigo ulishuka, uzito haukushuka.

Tupokigwe alikuwa ametua mbao sita mbichi kando ya barabara ya vumbi nje ya Mafinga, ukungu ukiwa bado umeilalia mipaina. Ilikuwa Jumanne ya pili ya mwezi wa sita, mwaka wa tatu tangu aolewe na Silvester, na mtoto wao Ezron alikuwa bado mdogo. Alivua ngata, ile pete ya kitambaa ya kuwekea mzigo kichwani, akanyoosha mgongo, akangoja ule wepesi ambao kila mchukuzi anaujua. Haukuja. Alipapasa utosini, hapakuwa na kitu. Lakini shingo ilibaki imekaza, kana kwamba mtu amesahau chake juu yake.

Baada ya wiki moja kikaja kichwa kuuma. Kilianzia kisogoni, kikapanda nyuma ya sikio, kikatulia ndani ya jicho la kulia. Vidole vya mkono huo vikaanza kufa ganzi.

"Mama, shingo yangu inauma," alimwambia mama mkwe wake, Bi Devota.

"Shingo!" Bi Devota alicheka bila kuacha kupukuchua mahindi. "Ninyi wa Tukuyu mmezoea mikungu ya ndizi. Mbao zinataka mtu. Wifi yako Verediana alibeba nane, na hatukusikia habari za shingo."

Verediana alikuwa dada mkubwa wa Silvester. Ndiye aliyebeba mbao za shamba la familia mpaka mdogo wake akamaliza kidato cha nne. Dada huyo alikufa mwaka mmoja kabla ya harusi ya Tupokigwe. Tupokigwe aliambiwa aliteleza mtoni. Siku alipoingia katika nyumba ile alikabidhiwa ngata ya marehemu, ya kitenge kilichosokotwa, kwa maneno kwamba ngata nzuri haitupwi.

Mchana mmoja alikuwa jikoni peke yake aliposikia miguu uani. Ilikuwa miguu mitupu, mizito, inayoburutwa. Ikasimama mlangoni. Kisha pumzi ya mtu aliyechoka, na harufu ya utomvu wa mpaina iliyochanganyika na jasho lililochacha.

"Nitueni."

Alitoka haraka, maana mtu akiita hivyo haachwi amesimama. Hapakuwa na mtu. Mavumbini palikuwa na nyayo mbili zimezama hadi vifundoni, vidole vikielekea mlangoni.

Silvester aliporudi, Tupokigwe alimwonyesha zile nyayo. Akaziangalia, akazifuta kwa kiatu.

"Ni nani?" Tupokigwe alinong'ona.

"Ukisikia tena, usiitikie."

"Baba Ezron, ni nani?"

"Nimesema usiitikie!"

Bi Devota yeye alikuwa na jibu lake, na alilitangaza kwa majirani: mkamwana amekuja na jini la kwao. Katekista aliitwa mara tatu. Alisali vizuri, akanywa chai, akaondoka. Kila alipoondoka Tupokigwe alipewa ngata na kuonyeshwa njia ya msituni. Sala zote tatu hazikumpunguzia hata ubao mmoja. Kila mchana miguu ile ilikuja, ikasimama, ikaita, na ndani ya nyumba watu wazima wawili waliendelea kula wakitazama sahani zao.

Aliyemtoa pale ni kaka yake, Asukile, aliyekuja kusalimia akamkuta hawezi kugeuza kichwa. Hakubishana na mtu. Alimpakata Ezron, akampandisha dada yake basi la Mbeya.

Huko alimpeleka kwa Obeid, mtaalamu wa uti wa mgongo aliyekuwa na chumba kimoja na kitanda kimoja kirefu. Obeid hakumgusa shingo siku ya kwanza. Alimuuliza analalaje, anabeba nini, anabeba mara ngapi. Akampima nguvu za vidole, akamtuma kwanza hospitali kupigwa picha ya mifupa ya shingo. Picha iliporudi haina mfupa uliovunjika, ndipo alipoanza kazi.

"Dada, kichwa chako hakina ugonjwa," alisema akibonyeza taratibu chini ya kisogo. "Maumivu yanazaliwa hapa shingoni, yanapanda. Viungo vimeganda kwa mizigo, misuli imejikaza kuvilinda, mshipa wa fahamu umebanwa. Nitavifungua kidogo kidogo. Lakini ukirudi kubeba kichwani, nitakuwa nachota maji kwa tenga."

"Nani atabeba?"

"Aliyekuwa anakutazama ukibeba."

Mara mbili kwa wiki alimnyoosha. Alimfundisha kurudisha kidevu nyuma, kulala na mto mwembamba. Wiki ya nne Tupokigwe aligeuza kichwa kulia, akamwona kaka yake mlangoni, akalia. Kisha machozi yakakauka, zikaja hasira. Kumbe ilikuwa inawezekana kupona. Miezi yote ile waliita uvivu, wakaita jini, na ilikuwa inawezekana.

Wiki ya sita, akiwa amelala kifudifudi na mikono ya Obeid shingoni, simu iliita. Ilikuwa Silvester. Asukile alimwekea sikioni.

"Mama anasema urudi. Mbao zinaoza."

Harufu ya utomvu ikajaa chumba kile cha mjini kisicho na hata kiti cha mbao, na Obeid, ambaye alikuwa anaminya misuli laini aliyoilegeza mwenyewe kwa wiki sita, akahisi ikikakamaa chini ya viganja vyake, kisha akahisi kitu kingine kikishuka juu ya viganja hivyo hivyo, kizito, chenye majimaji, chenye makali ya ubao uliotoka kupasuliwa, kikimbana mikono yake na shingo ya yule mwanamke pamoja mpaka kitanda kikalia, na hakuna alichokiona.

Alichomoa mikono. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka.

"Dada," alinong'ona, "nani amekutwika?"

Tupokigwe aliinuka, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Viungo nimevifungua, hilo nakuapia. Hiki sikufundishwa. Kawaulize wenye mzigo."

Alirudi Mafinga na Asukile na mtoto. Akawakuta mama na mwana mezani, saa ya chakula cha mchana. Hakusalimia.

"Verediana alikufaje?"

"Aliteleza mto..." Bi Devota alianza.

"Sikukuuliza wewe, mama. Baba Ezron, shingo yangu inavunjika. Unataka nife mimi pia ndipo useme?"

Silvester alikaa na tonge mkononi. Kisha akalirudisha sahanini.

"Hakuteleza. Alifika hapo uani na mbao nane. Alikuwa analalamika shingo tangu Krismasi. Akaita tumtue. Mara tatu. Tulikuwa tunakula, hivi hivi. Mama akasema mwacheni, anajidekeza. Nikasikia kishindo."

"Na ngata?"

Silvester aliinamisha kichwa. Katika ukoo ule mwanamke mchukuzi akifa, ngata yake hufumuliwa mbele ya waombolezaji na kuchomwa, ili asiende na mzigo.

"Wangeuliza mbona ina damu," alisema. "Mama akaifua."

Miguu ikasikika uani. Ikaja polepole zaidi kuliko siku zote, ikasimama, na mwanga wa mlangoni ukapungua ingawa hapakuwa na kilichouziba.

"Nitueni."

"Toka, mama," Tupokigwe alisema. "Kamtue mwanao."

"Mimi? Mtu mzima kama mimi?"

"Toka, au nakwenda kuita mtaa mzima, Silvester aurudie usemi wake mbele yao."

Hilo ndilo lililomnyanyua. Aibu, si huruma. Bi Devota alitoka, akafumba macho, akainua mikono hewani. Kitu kikaijaza. Magoti yake yakakunjika, akageuka nusu, akaachia, na uani pakasikika mbao nane zikianguka, moja baada ya nyingine, kuku wakaruka, vumbi likatimka pasipo na ubao. Shingo ya Tupokigwe ikawa nyepesi ghafla hata akashika ukuta.

Ngata waliifumua na kuichoma hapo hapo. Silvester alilia kwa sauti. Bi Devota alikung'uta viganja, akaingia ndani kumalizia chakula. Hakusema pole. Si kwa aliyekufa, si kwa aliyepona.

Asubuhi iliyofuata Tupokigwe alikuwa anafunga begi lake na nguo za Ezron alipomsikia mama mkwe sebuleni, akizungumza kwa simu na ndugu yake Kasian wa Igawa.

"Nitafutie binti. Huyu wa hapa ameharibika, anakwenda zake. Ndiyo, wa kubeba. Sura haina kazi, angalia shingo tu, iwe nene..."

Sauti ikakwama. Tupokigwe alichungulia. Bi Devota alikuwa bado ameshika simu, lakini kichwa chake kilikuwa kinainama upande wa kushoto, taratibu, sentimita kwa sentimita, na mkono wake wa pili ulikuwa umepanda utosini kushikilia kitu.

Macho yao yakakutana. Midomo ya mama mkwe ikafunguka: "Nitue..."

Tupokigwe alimwinua mtoto wake, akamweka begani, akatoka kwa mlango wa nyuma.