Betri Iliyovishwa Nguo

Katika nyumba ya mshonaji mmoja hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina nguo. Mtungi wa maji una nguo. Viti vina nguo juu ya nguo, na ukikaa vibaya unateleza mpaka chini. Hata galoni la mafuta ya kupikia limeshonewa sketi ya marinda. Ndiyo maana watu wakambandika jina la Foronya. Alicheka, akaitika, na jina likashika.

Mumewe ni mlinzi wa ghala. Yeye anaitwa Komeo. Kazi yake imemfundisha jambo moja tu: kitu ulichokiacha nje si chako tena. Basi jioni ndoo inaingizwa ndani. Kamba ya kuanikia nguo inaingizwa ndani. Ufagio nao unaingizwa ndani, ingawa umebaki vijiti vichache na hakuna mwizi mwenye akili timamu atakayeutaka.

Wanaishi na mama yake Komeo, ambaye kila mtu anamwita Bibi, na binti yao mdogo aliyeanza kutembea juzijuzi. Bibi na mjukuu wake ni chanda na pete. Wana chumba kimoja na kitanda kimoja. Kila mchana, wakishakula, wanalala pamoja, na ole wake atakayepiga kelele.

Nyumba ni mpya. Iko mwisho kabisa wa mtaa, mbele ya pale nguzo za umeme zilipokomea. Waliambiwa nguzo zitafika. Walingoja, wakangoja, wakachoka kungoja. Mwishowe wakaamua kuweka umeme wao wenyewe, umeme wa jua.

Jirani yao ni fundi umeme. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti inayosikika nyumba ya tatu. Kabla ya kugusa waya wowote, aliketi nao barazani.

"Mtatumia vitu gani?" aliuliza.

"Taa," alisema Foronya. "Cherehani. Redio. Na kuchaji simu."

"Basi?"

"Basi."

"Semeni sasa hivi. Sitaki nisikie kesho kaja mgeni mwingine. Umeme huu ni kama sufuria ya chakula. Umepikwa kwa idadi ya watu."

"Hao hao tu, fundi."

Fundi akapiga hesabu yake, akafunga paneli juu ya paa. Nyuma ya jiko alijenga kijumba kidogo cha matofali chenye matundu ya kupitisha hewa. Humo akaweka betri. Juu ya betri, ukutani, akafunga inveta, yaani lile kasha linalogeuza umeme wa betri uweze kuendesha vitu vya nyumbani. Kati ya betri na inveta akaweka kidude kidogo.

"Hii ni fyuzi," alisema. "Ikiungua, msiiguse. Niiteni mimi."

Kisha akaondoka, akaenda mbali kwenye kazi nyingine.

Komeo alikizunguka kile kijumba. Akatikisa mlango. Akavuta kufuli. Hakuridhika.

"Mali yote ile, nje?" alimwambia mkewe.

"Si kuna kufuli?"

"Kufuli! Mke wangu, mimi nimeona kufuli likifunguliwa kwa kijiko."

Kesho yake akamwita shemeji yake, kaka wa Foronya, mtu ambaye hakuna asilolijua mpaka aanze kulifanya. Wakabeba betri. Wakabeba inveta. Wakavipeleka chumbani kwa Bibi, wakaviweka sakafuni, kwenye kichwa cha kitanda. Nyaya zikapitishwa dirishani, na dirisha likafungwa ili mwizi asipitishe mkono.

"Mama ana usingizi mwepesi," alisema Komeo, amejaa furaha. "Mlinzi gani atamshinda?"

Foronya alipoingia, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Jamani, kitu cheusi hivi, kibaya hivi! Mgeni akiingia ataonaje?"

Akaleta futi yake ya ushonaji. Akapima urefu, akapima upana. Akashona mfuniko mzuri, sponji ndani, kitambaa cha maua nje, lesi pembeni. Akavivisha vyote viwili, betri na inveta, mpaka chini. Juu yake akaweka chombo cha maua ya plastiki. Bibi akapiga makofi. Mtoto naye akapiga makofi.

Mambo yakaenda vizuri. Taa zikawaka. Cherehani ikaimba. Kisha mgeni akaja.

Mgeni mwenyewe alikuwa pasi. Foronya alikuwa amechoka na pasi ya mkaa. Ilikuwa imemwaga jivu kwenye gauni jeupe la mteja, na mteja akamwaga maneno. Foronya akanunua pasi ya umeme. Alipoichomeka mara ya kwanza, nyumba nzima ikazimika.

Komeo akafunua mfuniko, akaangalia. Fyuzi ilikuwa imeungua.

"Tumngoje fundi," alisema Foronya.

"Na mteja wako atangoja?"

Komeo akachukua kipande cha waya, akakikunja, akakifunga pale pa fyuzi. Taa zikarudi. Pasi ikapata moto.

"Nani kasema mpaka fundi?" alisema.

Wakapiga makofi tena. Nyumba ile ilikuwa na makofi mengi kuliko akili.

Siku chache baadaye Bibi akaanza kulalamika.

"Humu chumbani mna yai viza."

Wakatafuta chini ya kitanda. Wakatafuta nyuma ya sanduku. Hakuna yai. Lakini walikuwa na kuku mmoja jike, mwenye tabia ya kuingia ndani bila hodi. Kesi ikasikilizwa haraka. Kuku akapatikana na hatia, akafungwa kamba mguuni nyuma ya jiko, mbele ya kile kijumba kilichobaki tupu. Harufu haikuisha. Kila mmoja akasema kuku ni mjanja, amelificha yai lake mahali pabaya.

Mchana mmoja Foronya alikuwa na sare za kwaya nzima za kupiga pasi. Alianza asubuhi, hakupumzika. Komeo alikuwa barazani anakula. Bibi na mtoto walikuwa wameshalala. Ndipo ile sauti kubwa ikasikika uani.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, fundi! Umerudi lini?" aliitikia Komeo.

"Leo leo. Nimesema nipite niwasalimu na..." Fundi alikuwa anaangalia nyuma ya jiko. "Betri iko wapi?"

"Tumeiingiza ndani," alijibu Komeo. "Salama salimini."

"Ndani wapi?"

"Chumbani kwa mama."

Fundi akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Chumbani? Anakolala mtu? Na nani yuko humo sasa hivi?"

Komeo akasukuma sahani, akainuka. Kutoka sebuleni Foronya aliita kwa sauti ya mashaka.

"Mume wangu, mbona nasikia harufu ya sponji inaungua?"

Wote watatu wakakimbilia mlango wa chumba. Komeo akausukuma. Moshi mweusi ukampiga usoni. Yale maua ya plastiki yalikuwa yameyeyuka. Mfuniko ulikuwa unawaka, na moto ulikuwa unapanda kwenye ubao wa kichwa cha kitanda, karibu na mto wa mtoto.

Foronya akapiga ukelele ambao hata mwenyewe hakuujua. Aliingia akiwa ameinama. Akamnyakua mtoto. Komeo akambeba mama yake mgongoni kama gunia, Bibi akikohoa na kuuliza, "Kuna nini? Kuna nini?" Wakatoka mpaka uani. Mtoto alikuwa kimya. Foronya akamtikisa, akamwita, akamtikisa tena. Kimya. Halafu mtoto akakohoa, akavuta pumzi, akalia kwa nguvu zake zote. Foronya akakaa chini kwenye vumbi.

Komeo alishaokota ndoo ya maji.

"Weka chini!" fundi alimfokea. "Maji na umeme? Unataka kufa? Leta mchanga mkavu!"

Fundi alipanda ngazi, akazima swichi ya paneli pale nje. Akafunga kitambaa puani. Akatumia mpini mkavu wa jembe kuuvuta ule mfuniko unaowaka mpaka uani, kupitia mlango wa nyuma. Komeo akamwaga mchanga juu ya inveta na kwenye ubao wa kitanda, ndoo baada ya ndoo, mpaka moto ukafa.

Chumbani, betri ilikuwa imevimba tumbo. Fundi aliisubiri ipoe, akavaa glavu, akafungua nyaya. Ndipo akaona kile kipande cha waya. Akakitoa nje, amekishika kwa vidole viwili.

"Hiki nani kakiweka?"

"Mimi," alisema Komeo.

"Wewe ni mlinzi. Ukiona mwizi ghalani, unafanyaje?"

"Napiga filimbi."

"Bosi wako akija akakuziba mdomo kwa kitambaa, halafu akarudi zake kulala?"

"Ghala litabebwa lote," alisema Komeo.

"Fyuzi ndiyo mlinzi wa umeme," alisema fundi. Sauti yake ilikuwa imeshuka sasa. "Umeme ukivutwa kupita kiasi, fyuzi inakubali kufa ili nyumba ipone. Ilipoungua, ilikuwa inakupigia filimbi. Wewe ukaiziba mdomo."

"Lakini kilichovuta umeme kupita kiasi ni nini?" aliuliza Foronya. Bado alikuwa amemkumbatia mtoto.

"Nini kimeongezeka tangu niondoke?"

Foronya akafikiri. Macho yakamtoka.

"Pasi!"

"Naam. Kitu chochote kinachotoa joto ni mlafi. Pasi, birika, jiko. Pasi yako moja inakula kuliko taa zako zote na cherehani juu yake. Inveta ikafanya kazi ya punda, ikapata moto. Ina feni ndani na matundu ya kupumulia. Nani kaivisha?"

"Mimi," alisema Foronya, na machozi yakamtoka. "Nilitaka ipendeze."

"Uliiziba pua, dada yangu. Na betri nayo inapumua. Ikichajiwa inatoa hewa inayoweza kulipuka kwa cheche moja tu. Ndiyo maana niliijengea nyumba yake nje, yenye matundu. Betri ya aina hii hailali na watu. Haifunikwi. Haiwekewi kitu juu. Ikipata joto sana inatoa harufu mbaya."

"Harufu gani?" aliuliza Bibi.

"Kama ya yai viza, mama."

Bibi akafunga mdomo kwa kiganja. Wote wakageuka kumtazama kuku. Kuku naye aliwatazama, kamba mguuni. Fundi hakuelewa kwa nini mzee alianza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, mpaka aliposimuliwa kesi ya kuku.

"Mkisikia harufu ile," aliendelea, "fungueni madirisha. Msiwashe hata kiberiti. Tokeni, mniite. Msitafute mayai."

Betri ile haikufaa tena, wala inveta. Familia ilirudi kwenye taa za mafuta kwa kitambo, na Foronya akakanyaga cherehani kwa miguu. Walipopata vingine, viliwekwa palepale fundi alipopachagua mwanzo, ndani ya kijumba nyuma ya jiko. Komeo aliruhusiwa kuongeza mlango wa nondo, mradi asizibe tundu hata moja. Aliongeza makufuli mawili. Fundi aliacha fyuzi za akiba, saizi ileile, na mara hii alimfundisha Komeo: zima kwanza, tafuta kilichosababisha, ndipo ubadilishe. Foronya alirudia pasi ya mkaa. Siku hizi anaikung'uta jivu uani kabla ya kugusa nguo ya mtu.

Juzi shemeji alikuja kutembea na birika la umeme. Alitaka kuwaonyesha chai ya haraka. Alipolichomeka, taa zikazimika.

"Ah, fyuzi tu hiyo," alisema. "Leta kipande cha waya, shemeji. Si unajua?"

Komeo aliinuka polepole. Akalichomoa birika, akalizungushia waya wake, akamwekea shemeji mapajani.

"Filimbi imepigwa," alisema. "Mwizi ni huyu."

Akaenda kuzima swichi, akabadilisha fyuzi kama alivyofundishwa. Chai ilipikwa kwa kuni, na shemeji aliinywa bila kutoa ushauri.

Baadaye alichungulia chumbani kwa Bibi, akitafuta pa kujinyoosha kidogo. Akaona ubao wa kichwa cha kitanda, umeungua, mweusi, umekwanguka pembeni, juu kidogo ya mto mdogo.

"Dada," alimwita Foronya, "wewe unayevisha hata galoni, mbona hiki hujakishonea kitu?"

Foronya alikuwa ameshakata kitambaa zamani. Alikuwa na lesi yake na kila kitu. Aliwahi kukileta, na Bibi akamshika mkono. Sasa Bibi, aliyekuwa amelala na mjukuu wake, alifumbua jicho moja, akamjibu shemeji yale yale aliyomjibu mkwewe siku ile.

"Kiacheni. Hiki kikae uchi, tukione."