Televisheni ya Mulumba

Rafiki yangu Mwenze aliishi Musonoi, jirani na Mulumba, Mkasai. Siku Wakasai walipofukuzwa mkoani kwetu warudi Kasai, Mwenze aliingia kwa Mulumba akabeba televisheni na kaseti. Mianda, binti wa Mulumba, alilia, "Tata Mwenze, filme yangu ya maroboti!"

"Utaiona kwenu ku Kasai," Mwenze akacheka.

Mianda akafia stesheni akikohoa, yeye na wazazi wake wakingoja treni. Mungu ampokee.

Habari ilipofika jioni, Mwenze alikuwa akimwonyesha filamu hiyo Falonne, mwanawe wa pekee.

"Zima, Tata Falonne," mkewe akasema. "Kuko kilio."

"Kilio ni chao."

Picha iling'aa, sauti ilikuwa safi. Maroboti waliponyamaza angani, mtoto akakohoa ndani ya spika. Mwenze aling'oa waya. Nyumba ikajaa giza. Kikohozi kikaendelea, sasa kikitoka kifuani mwa Falonne.