Karanga za Bi Kishindo

Kila Jumamosi asubuhi kazi ya Kiberiti ilikuwa kuosha sufuria zote za nyumbani, na kila Jumamosi aliziosha akiwa amenuna. Kiberiti si jina alilopewa na wazazi. Wenzake wa darasa la sita ndio waliompachika, kwa sababu ukimgusa kidogo tu anawaka. Mama yake alikuwa fundi cherehani na alishonea pale pale sebuleni. Akisikia vyombo vinagongana uani, alipaza sauti bila kuacha kukanyaga pedali: "Wewe! Hizo sufuria zimekukosea nini?"

Jumamosi hiyo hakununa. Aliosha haraka, akaikausha sufuria kubwa na kuibandika jikoni. Kando yake aliweka kitabu cha katuni kilichochakaa kwa kusomwa. Juu ya jalada alisimama Bi Kishindo, shujaa mnene mwenye mchi begani, ambaye akishatafuna konzi moja ya nafaka na karanga huweza kuzuia lori kwa mkono mmoja. Kiberiti alimpenda kupita kiasi. Alitaka kupika chakula kile kile.

Alichukua shayiri ya uji, ile iliyobanwa bapa, akaikaanga kwa moto mdogo mpaka ikanukia. Akatia karanga na korosho alizokwisha kuzikaanga na kuzimenya, akamimina asali na mafuta kidogo, akakoroga mpaka mkono ukamuuma. Kisha akaitandaza kwenye sinia. Ilipopoa ilikuwa imeshikana, akaivunja vipande vipande. Madukani huiita granola na kuiuza kwenye makopo ya kung'aa. Ya Kiberiti ilijazwa kwenye kopo kuukuu la maziwa ya unga.

Mama alionja, akaonja tena. "Lifiche hilo kopo," alisema akijipangusa mdomo. "Nikibaki nalo hapa, Jumatatu utabeba kopo tupu."

Jumatatu wakati wa mapumziko, watoto walimzunguka Kiberiti kama nzi. Mikono iliingia na kutoka koponi. Lakini mtu aliyemngojea hasa alikuwa Spidi, binti wa fundi baiskeli, msichana aliyewashinda wote kwa mbio. Hao wawili walikuwa chanda na pete. Vitabu vya Bi Kishindo walivisoma pamoja, vichwa vimegusana.

"Chukua, nimekuwekea vipande vikubwa," Kiberiti alisema.

Spidi alichungulia koponi, akarudi nyuma. "Zina karanga. Mimi sili karanga. Nina mzio, nilikwambia. Nikila midomo inavimba na pumzi inakata."

"Kidogo tu!"

"Hata moja. Daktari amekataza."

Mvulana wa dawati la nyuma, ambaye mdomo wake haukuwa na likizo, akadakia: "Jamani! Hata rafiki yake hali! Sisi tuliokula tuandike wosia!"

Darasa zima likaangua kicheko. Walicheka huku wakitafuna, wasio na haya wale. Kiberiti alihisi masikio yanamchoma. Angeweza kumkasirikia yule mvulana, na ingekuwa haki yake. Lakini hasira haina macho. Ilimwendea Spidi.

"Mzio, mzio! Maringo tu hayo!" alifoka, akalifunika kopo kwa kishindo.

Spidi alimtazama, akaondoka.

Jioni Kiberiti alijitupa kitandani na kitabu chake. Akafika kwenye sehemu ambayo Bi Kishindo anakutana na askari mwoga anayekataa kula karanga. Shujaa anafanyaje? Anazitwanga mpaka zinakuwa unga, anazificha ndani ya uji wa yule askari. Askari anakunywa bila kujua, misuli inamtutumka, anavunja ukuta na kuwaokoa wenzake. Kisha anampigia Bi Kishindo magoti kumshukuru.

"Kumbe ndiyo dawa yake," Kiberiti alisema peke yake.

Mchoraji wa katuni hana mgonjwa wa kumuuguza. Mkono wake ukikosea, anafuta na kuchora upya. Kiberiti alipaswa kulijua hilo. Alikuwa na umri wa kulijua. Lakini alikuwa amekasirika, na mtu aliyekasirika huokota ushauri wowote unaofanana na hasira yake. Alichukua kinu, akatwanga karanga mpaka zikawa laini kama vumbi.

"Unatwanga nini huko?" Mama aliuliza kutoka sebuleni.

"Karanga za granola, Mama."

Mama aliridhika, akaendelea na mshono wake.

Kesho yake Kiberiti alimfuata Spidi chini ya ngazi za darasa. "Nimepika nyingine," alisema. "Hii haina karanga."

Spidi aligeuza kipande huku na huku. Hakuona hata punje. "Kweli?"

"Kweli. Nimekupikia wewe peke yako."

Uso wa Spidi ulikunjuka. "Nilidhani umeninunia," alisema. "Jana sikulala vizuri." Akatia kipande kizima mdomoni, akatafuna akitabasamu.

Kiberiti alisimama akimkodolea macho, akingoja nguvu zije. Spidi alianza kujikuna shingo. Akakohoa. Midomo yake ikaanza kuvimba, vipele vikamtoka mashavuni, na pumzi yake ikawa na mlio mwembamba. Alimshika Kiberiti mkono, maana hakuwa na mwingine wa kumshika.

Mwalimu wa zamu aliwaona. Alimbeba Spidi mbio hadi chumba cha huduma ya kwanza, Kiberiti akimfuata nyuma. Muuguzi wa shule alimfahamu Spidi. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Umekula karanga?"

Spidi alitikisa kichwa. Kwa sauti iliyokwaruza alisema, "Ameniambia... hazimo."

Muuguzi alimgeukia Kiberiti. "Amekula nini?"

"Shayiri," Kiberiti alijibu. "Na asali."

Muuguzi akaanza kumpekua Spidi mikono na miguu, akitafuta kama ameumwa na nyuki. Alikuwa akitafuta mahali pasipo na kitu, na Kiberiti ndiye aliyempeleka huko. Akisema, shule nzima itamjua kuwa ni mwongo. Akinyamaza, je? Akamtazama rafiki yake, mwenda mbio kuliko wote, ambaye sasa hakuweza hata kuvuta pumzi moja nzima. Hasira ikampanda tena, safari hii juu yake mwenyewe.

"Zimo!" alipiga kelele. "Karanga zimo! Nimezitwanga, nimezificha! Nimemdanganya!"

Muuguzi hakupoteza muda kumkaripia. Alivuta droo, akatoa sindano ya dharura, akamchoma Spidi pajani, kisha akampigia simu daktari. Mlio ule mwembamba ulianza kupungua. Hapo ndipo muuguzi alipogeuka, macho yamemwiva.

"Toka nje!"

"Sikutaka kumdhuru," Kiberiti alilia.

"Karanga hazikujua hilo. Toka!"

Spidi alipelekwa hospitali na kulazwa. Baba yake alikuja shuleni mikono ikiwa bado myeusi kwa grisi. Alimpita Kiberiti mlangoni kana kwamba amepita nguzo.

Nyumbani, Mama aliposikia habari alisimamisha cherehani. Kiberiti hakuwahi kumwona akiacha mshono katikati.

"Alikwambia kwamba karanga zinamdhuru?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa mdomo wake mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Ukamjibu nini?"

"Maringo," Kiberiti alinong'ona.

Mama alisimama. "Ulikuwa na hasira, siyo? Haya, na mimi sasa hivi nina hasira ambayo sijapata kuwa nayo. Je, nikutilie kitu kwenye chakula? Eti? Nijibu! Hasira hasara, mwanangu, lakini hasara ya hasira yako ulitaka mtoto wa mwenzangu ndiye ailipe!"

Hakumpiga. Kiberiti aliona afadhali angepigwa.

Spidi aliporudi shuleni alihamia dawati la mbali. Akimwona Kiberiti anakuja, anabadili njia. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kiberiti alitamani kumpelekea zawadi ya chakula, lakini Mama alikataa katakata. "Chakula cha jikoni kwetu hawatakiamini, na wana haki. Sufuria zetu zote zimepitiwa na karanga. Nenda mikono mitupu, ukaombe radhi."

Akaenda nyumbani kwa akina Spidi. Fundi baiskeli alikuwa amechuchumaa mbele ya gurudumu. Spidi alikaa kwenye kigoda, mikono ameikunja kifuani.

"Shikamoo, Baba," Kiberiti alisema. "Nimekuja kuomba msamaha. Spidi, uliniambia ukweli, mimi nikakudanganya. Nisamehe."

Fundi aliweka chini spana yake.

"Mteja akija hapa akaniambia breki haishiki," alisema polepole, "simwambii, hebu teremka mlima tuone. Namwamini. Mwili ni wake, shingo ni yake. Kwa nini wewe hukumwamini mwanangu?"

"Walinicheka."

"Walicheka wao, ukamlisha yeye." Fundi alipumua kwa nguvu. "Nimekukasirikia sana, binti. Lakini muuguzi amenieleza kwamba ulisema ukweli ulipokuwa mchungu kuusema. Kwa sababu hiyo tu nazungumza nawe. Sikiliza na ushike: mtu akikwambia kitu kinamdhuru, amini, usimpime. Na anayekula mkononi mwako amekukabidhi uhai wake, basi mwambie kila kilichomo, hata kama hajauliza."

"Nimesikia, Baba."

Fundi alielekeza kidole ndani. "Sufuria zetu zile pale. Shayiri ipo, asali ipo. Mbegu za maboga mwenzako anazila tangu utotoni. Pika, tukikutazama."

Kiberiti alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Alikaanga shayiri, akatia mbegu za maboga, asali na mafuta, akakoroga bila kuinua macho. Spidi alikuwa amesogeza kigoda mpaka mlangoni na hakuona haya kumkazia macho. Granola ilipopoa, Kiberiti alivunja kipande, akakiweka kwenye sahani.

"Kuna nini humu?" Spidi aliuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu siku ile.

"Shayiri, mbegu za maboga, asali, mafuta. Basi."

Spidi alimtazama baba yake, naye akaitikia kwa kichwa. Akakiokota kipande, akakigeuza huku na huku kama alivyofanya siku ile, akakila taratibu mpaka kikaisha. Kisha akamtazama Kiberiti usoni.

"Bado nimekasirika."

"Najua."

"Nikimaliza kukasirika nitakwambia," Spidi alisema, akanyoosha mkono kuchukua kipande kingine.